Wazee wa redio, tuambieni na yale ya nyuma ya mikro



Kila aliyepita chuo hapa Kivu Kaskazini anaujua ule mkutano. Mtangazaji wa redio mwenye jina, ambaye hata mama anayeuza sombe sokoni anaitambua sauti yake, anaalikwa kuwasimulia wanafunzi safari yake ya kazi. Meza inatandikwa kitambaa. Mratibu anasoma wasifu wa mgeni, nao ni mrefu. Mgeni anasimama, anasalimia, ukumbi unashangilia kwa sababu ni sauti ileile ya habari za asubuhi. Halafu anaeleza alivyoanza bila mshahara, alivyotembea kwa miguu mpaka kituoni, alivyosoma habari yake ya kwanza karatasi ikitetemeka mkononi, na leo Mungu amemfikisha hapa. Anamaliza kwa kusema, "Na ninyi mkijituma mtafika." Maswali matatu, makofi, Fanta, picha za pamoja, basi.

Nimehudhuria mikutano hiyo nikiwa mwanafunzi, na nimeihudhuria tena baada ya kufanya kazi miaka kadhaa kwenye redio ya jamii huko Masisi. Leo nataka kuikosoa, kwa heshima lakini bila kuficha. Mkutano wa namna hiyo unatufundisha kumpenda mtangazaji, ila kazi yenyewe haitufundishi. Na kwa mwanafunzi wa Masisi au Walikale, ambaye akimaliza masomo atarudi kusema kwenye mtambo unaosikika na ndugu zake, jirani zake na watu wenye bunduki, pengo hilo linaweza kugharimu maisha ya watu.

Kwanza niseme haki ya wazee hawa. Kuja kwao si kitu kidogo. Msichana kutoka Pinga anayemwona mwanamke mwenzake akisimulia namna alivyoongoza matangazo ya jioni anaondoka na kitu ambacho kitabu hakimpi. Kijana ambaye wazazi wake wanamwambia redio ni kazi ya watu waliokosa kazi anapata jibu la kuwapelekea nyumbani. Ninachokikosoa ni kile kinachobaki midomoni mwao wakisharudi kwao.

Hebu tukumbuke redio ni kitu gani kwenye sehemu yetu hii ya dunia. Nchi jirani ya Rwanda, Julai 1993, ilianza kusikika redio moja iliyoitwa RTLM. Ilikuwa na muziki mzuri, watangazaji wachangamfu, lugha ya mtaani, utani. Vijana waliipenda. Mwaka uliofuata redio hiyohiyo ilitumika kuchochea mauaji ya kimbari, na Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwakuta waanzilishi wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, na hatia. Fikiri vizuri: wale watangazaji nao walikuwa na vipaji. Kama kipimo chetu cha mtangazaji bora ni sauti tamu na kupendwa na watu, wale wangepasi mtihani.

Upande wetu wa mpaka, Agosti 1994, wakati mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia Zaire, redio nyingine ilianza kurusha matangazo kutoka Bukavu. Iliitwa Agatashya, yaani mbayuwayu kwa Kinyarwanda. Kazi yake ilikuwa kuwapa watu habari kavu: chakula kinagawiwa wapi, kipindupindu kinazuiwaje, barabara gani inapitika. Ilinyamaza mwaka 1996 vita vilipoingia. Lakini waliokuwa nyuma yake ndio walioanzisha shirika la Fondation Hirondelle mwaka 1995, na jina hilo la Kifaransa maana yake ni mbayuwayu yuleyule. Shirika hilo pamoja na Umoja wa Mataifa ndio waliofungua Radio Okapi tarehe 25 Februari 2002, kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Kikongo na Chiluba. Karibu kila mtangazaji wa rika letu amejifunza kitu kwa kuisikiliza Okapi.

Kwa hiyo sisi ni watoto wa historia mbili za redio, na zote mbili zilitumia mikro. Mzee anayekuja kusimulia kazi yake bila kuzitaja anamwacha mwanafunzi na mikro tu.

Kuna na upande wa kunyamaza. Wilaya ya Walikale ndiyo kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, na sehemu kubwa yake ni msitu. Kuanzia tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, watu wenye silaha waliingia Luvungi na vijiji vingine kwenye barabara ya Kibua–Mpofi, wakabaka zaidi ya watu 300: wanawake, wanaume na watoto. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa na kambi Kibua, kilomita 30 hivi kutoka pale. Vijiji vile havikuwa na mtandao wa simu. Dunia ilisikia wiki karibu tatu baadaye. Mmoja wa viongozi wa makundi hayo, Ntabo Ntaberi Sheka, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi Goma, Novemba 2020. Miaka 10 ilikuwa imepita.

Mimi nikiwaza kazi ya redio, nawaza zile wiki tatu. Mtangazaji wa Walikale anatakiwa kujua namna ya kufanya habari ya kweli itoke kijijini haraka bila kumweka hatarini aliyeitoa. Hilo ndilo somo. Je, ni mzee gani amewahi kusimama mbele yenu akalieleza hatua kwa hatua?

Sasa niende kwenye mambo ambayo mikutano yetu inayaruka.

La kwanza ni pesa. "Nilianza bila mshahara" inasimuliwa kama sifa, kama vile njaa ni darasa la kwanza la uandishi wa habari. Ukumbi unapiga makofi. Hakuna anayeuliza: sasa ulikuwa unakula nini? Redio ya jamii kwenye wilaya zetu inaishi kwa matangazo ya vifo, ya ndoa na ya vitambulisho vilivyopotea. Kwa vipindi vinavyolipiwa na mashirika. Kwa saa zinazonunuliwa na makanisa. Na wakati wa uchaguzi, kwa wagombea. Mafuta ya jenereta yakipanda bei, au betri za sola zikichoka, pesa yote inakwenda huko kabla haijafika kwa mtu. Watangazaji wengi wanaitwa wa kujitolea, na kujitolea kwenyewe kunaendelea mwaka wa tano, wa sita, mtu ana mke na watoto.

Hapo ndipo inapoingia "coupage". Ninyi nyote mnaijua: ile bahasha ndogo anayopewa mwandishi baada ya semina au mkutano wa mkubwa fulani, eti ya usafiri. Kituo kimoja nilichofanyia kazi hakikutupa hata franga ya pikipiki, kwa hiyo ile bahasha ndiyo iliyoamua nani anakwenda wapi. Semina yenye bahasha ilipata waandishi watatu. Kijiji ambacho shule yake ilibomoka paa hakikupata hata mmoja, kwa sababu wazazi wa pale hawakuwa na bahasha. Hakuna aliyetoa amri. Habari zilijipanga zenyewe kufuata pesa, na msikilizaji aliyekuwa anatusikia kila jioni hakuwa na namna ya kujua kwamba anachosikia ni ramani ya bahasha.

Mzee akituambia "jitumeni" bila kutuambia hili, anatupeleka sokoni bila bei. Mwanafunzi ana haki ya kujua kwamba atakutana na bahasha wiki ya kwanza, na aamue mapema atafanya nini. Wapo wenzetu walioamua kufuga, kulima, kufundisha saa chache shuleni, ili tumbo lisiandike habari. Wapo waliokubaliana kituoni kwamba bahasha yoyote inapelekwa kwa mweka hazina na kugawanywa, na kwamba aliyelipa haahidiwi kitu. Njia hizo zina matatizo yake. Lakini ni njia, na zinaweza kufundishwa.

La pili ni kuhakikisha habari. Mgeni atasema "thibitisha kabla ya kutangaza," kila mtu anaandika kwenye daftari, tunasonga mbele. Kuthibitisha kunafanywaje huko Nyabiondo au Mweso, saa moja jioni, mtandao ukiwa unakuja na kwenda?

Tuchukue mfano. Simu inaingia kituoni: "Bako hapa juu, biko bingi, batu banakimbia!" Mwenye kupiga anahema. Bila shaka anasema anachoamini. Lakini hebu tulifungue sentensi hilo. "Bako" ni nani? "Hapa juu" ni kilima kipi, kwa maana Masisi yote ni vilima? Na hilo "banakimbia"? Kwa Kiswahili cha kwetu cha kuongea, mtu akisema "banafika" mara nyingi anataka kusema wamekwisha kufika. Aliyezoea Kiswahili cha shule anaelewa wako njiani. Kwa hiyo "banakimbia" inaweza kuwa kijiji kimekwisha kubaki wazi tangu asubuhi, au watu wako barabarani dakika hii. Mtangazaji akilinyoosha neno hilo kuwa "wanakimbia" bila kuuliza, ameongeza habari ambayo hakupewa. Na kijiji cha pili kikisikia, kinafunga mizigo usiku, mvua inanyesha, kina mama wana watoto mgongoni.

Kuna maswali machache ambayo yangetakiwa kufundishwa kama wimbo: Mama, uliona na macho yako ao ulisikia? Uliona saa ngapi? Ulikuwa umesimama wapi? Walikuwa wanakwenda upande gani? Nani mwingine alikuwa hapo? Halafu unapiga simu kwa watu wasiokula sahani moja: muuguzi wa kituo cha afya, mwalimu, mwendesha pikipiki aliyepita barabara ile, mchungaji au katekista, mzee wa kijiji. Kila mmoja ana macho yake na ana maslahi yake. Mwendesha pikipiki anajua barabara vizuri kuliko chifu, lakini anaweza kutaka wenzake wasipite ili abiria wabaki wake. Chifu anaweza kutaka watu wabaki ili asionekane ameshindwa. Hakuna shahidi aliye safi kabisa. Ndiyo maana unataka kadhaa.

Kisha inakuja kazi ya kuandika. Kutangaza yote uliyosikia ni hatari, kunyamaza ni hatari pia, tumeona Luvungi. Katikati kuna sentensi kama hizi: "Mpaka saa mbili hii ya usiku, watu watatu wa vijiji tofauti wametueleza kwamba wamesikia risasi upande wa mto. Hakuna aliyetuambia ameona wapiganaji. Tumemtafuta kiongozi wa serikali, hajapatikana. Tutarudi kwenu saa tatu." Hazina utamu wowote, na mtangazaji hatazipata kwenye sauti yake. Zinamwambia msikilizaji tunachojua na tunachokosa, na zinamwachia aamue mwenyewe kuhusu watoto wake.

Na kuna habari ya kweli ambayo bado hupaswi kuitangaza yote. Ukisema wakimbizi wamelala kwenye shule fulani, umewaelekeza wenye msaada, na umewaelekeza pia waliowafukuza. Ukisema barabara ya Sake imefunguliwa, mfanyabiashara amesikia, na mwizi wa barabarani amesikia. Swali la kujiuliza ni: nani mwingine anasikiliza? Nimewasikia wazee wengi wakisimulia habari walizozivunja kabla ya wengine. Ningependa siku moja nimsikie mmoja akisimulia habari aliyoishikilia masaa sita, na kwa nini.

La tatu ni maneno tunayowaitia watu. Masisi wanaishi wenye kuongea Kihunde, Kinyarwanda, Kinande, Kitembo. Walikale kuna Kinyanga, Kikumu, Kitembo na nyingine. Ile vita ya kwanza ya jamii kwa jamii iliyowafukuza wazazi wetu ilianzia soko la Ntoto, Walikale, Machi 1993, kabla haijasambaa Masisi. Watu wa umri wetu wamelelewa na majeraha hayo. Kwa hiyo mtangazaji akisema "wenyeji" na "wageni", "vijana wetu" na "wale", msikilizaji amekwisha kujua yuko upande gani kabla habari haijaanza. Hata lugha unayoichagua kusalimia nayo saa kumi na mbili asubuhi inahesabiwa.

Miaka hii miwili imefanya jambo hilo kuwa gumu zaidi. Masisi-katikati ilichukuliwa na M23 mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huohuo, na mji wa Walikale tarehe 19 Machi, kisha wakatoka Walikale mwanzoni mwa Aprili. Mtangazaji aliyebaki mahali hapo amelazimika kujibu swali ambalo hakuna aliyemfundisha: neno nililotumia jana kwa wenye silaha, leo wao ndio wako mlangoni, nitumie neno gani? Wenye Wazalendo upande mmoja nao wanasikiliza. Ukiwa mbali, jibu ni rahisi kulitoa. Ukiwa na mtambo kwenye kilima na mama yako anaishi chini ya kilima hicho, kila nomino ina bei. Nadhani msaada pekee hapa ni kuwa na orodha ya maneno ambayo kituo kizima kimekubaliana kabla ya mambo kuharibika, imeandikwa na kubandikwa ukutani, ili mtangazaji wa zamu asichague peke yake akiwa na hofu. Eleza kilichofanywa na nani amekiona. Acha majina ya sifa na ya matusi.

Na hilo linatupeleka kwenye jambo la nne, ujasiri. Hili ndilo linaloniudhi zaidi kwenye mikutano yetu. Mgeni kutoka mji mkubwa anawaambia wanafunzi, "Mwandishi wa habari haogopi." Makofi tena! Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa kwa risasi Bukavu tarehe 13 Juni 2007. Mwenzake wa redio hiyohiyo, Didace Namujimbo, aliuawa mji huohuo tarehe 21 Novemba 2008. Edmond Bahati, aliyekuwa anaratibu Radio Maria Goma, aliuawa kwa risasi tarehe 27 Septemba 2024. Hao walifanya kazi mijini, kwenye redio zenye jina. Sasa fikiria mtangazaji wa redio ndogo ya wilayani, ambaye hana gari, hana bima, hana mkubwa wa kumpigia simu, na kila mtu anajua nyumba yake.

Kwa mtu kama huyo, "usiogope" ni ushauri mbaya. Ushauri mzuri ni wa mambo madogo madogo: usirudi nyumbani njia ileile kila usiku; habari nzito isibebwe na jina la mtu mmoja; namba za watoa habari zisikae kwenye simu unayotembea nayo; pawe na mtu mjini anayejua uko wapi na saa ngapi unatakiwa kuwa umefika. Vitisho viripotiwe mapema kwa chama cha waandishi, UNPC, na kwa shirika la Journaliste en danger ambalo tangu 1998 linafuatilia kesi hizi. Na iwe halali kusema, "Habari hii hatutaitoa sisi, tutampa mwenzetu aliye mbali aitoe." Kujificha nyuma ya mwenzako namna hiyo kumeokoa habari na kumeokoa mtu.

Kuna na sheria. Sheria ya vyombo vya habari ya Juni 1996, ambayo wazee wengi wameifanyia kazi, imebadilishwa na nyingine ya tarehe 13 Machi 2023. Siku hiyohiyo ilitiwa sahihi sheria kuhusu mambo ya dijitali, inayomgusa hata anayesambaza habari ya uongo kwenye WhatsApp. Mwanafunzi mwenye grupu la darasa lenye watu mia mbili tayari ana kijiredio chake. Naye anahitaji somo hili, hata kama hataingia studio maisha yake yote.

Je, inawezekana kusimulia safari ya kazi vizuri? Inawezekana, na mifano tunayo karibu. Angalia maisha ya Chouchou Namegabe wa Kivu Kusini. Alijifunza kazi Radio Maendeleo ya Bukavu. Mwaka 2003 alikuwa miongoni mwa waliounda chama cha wanawake wa vyombo vya habari, AFEM, na akawa anaweka mikro mbele ya wanawake waliobakwa ili wasimulie wenyewe. Mwaka 2009 alikwenda kutoa ushahidi huohuo mbele ya Seneti ya Marekani. Ukiisimulia kama hadithi ya kupanda ngazi, utasema: binti wa Bukavu alifika Washington. Makofi. Ukiisimulia kama kazi, utauliza: alipataje kibali cha mwanamke aliyevunjika? Alimuuliza nini kwanza? Sauti yake ilifichwaje ili majirani wasimtambue? Kanda ilihifadhiwa wapi? Hadithi ni moja, lakini ile ya pili ndiyo inayomfaa msichana wa Pinga.

Au Caddy Adzuba wa Radio Okapi, aliyepata tuzo ya Asturias ya Hispania mwaka 2014. Yeye alisoma sheria. Kwa wanafunzi wanaofikiri kwamba bila diploma ya habari hawana nafasi, hapo pana la kujifunza: sheria, kilimo, uuguzi, vyote vinaingia studio. Mwenye kusoma kilimo akirudi Masisi anaweza kufanya kipindi cha mnyauko wa migomba kinachosikilizwa kuliko taarifa ya habari. Mwenye kusoma uchumi anaweza kuwaelezea watu wa Mubi na Ndjingala bei ya kasiterite inavyopangwa mbali na wanaoichimba. Lakini maisha ya Caddy yamekuwa pia na vitisho vya kuuawa. Tukitaja tuzo, tutaje na vitisho, kwa sentensi ileile.

Basi nisikosoe tu. Kwa vyama vyetu vya wahitimu vinavyoalika wageni, nina mapendekezo. Mgeni aje na daftari lake la zamani la kazi, siyo wasifu peke yake. Aje na kipande cha sauti ambacho hakikurushwa, akisikilizishe, aeleze kwa nini kilikatwa. Pamoja naye aalikwe fundi wa mitambo, yule anayepanda mnara mvua ikinyesha, na mweka hazina anayejua mwezi huu umeishaje. Hao wawili hawana sauti nzuri na hakuna anayeomba picha nao, lakini bila wao mtangazaji anaongea na ukuta. Na nusu ya saa wanafunzi wapewe ujumbe mmoja usiothibitishwa, waufanyie kazi pale pale mbele yake, wapige simu, waandike sentensi nne, azisahihishe.

Na ninyi wanafunzi, maswali ni yenu. Mgeni akisema alianza bila mshahara, muulizeni alikuwa anaishi kwa nini. Akisema alithibitisha, muulizeni kwa nani na nani. Akisema hakuogopa, muulizeni nani aliyemficha. Ulizeni kwa adabu, na shikamoo yake mmpe. Yeye ni mzee wenu. Ninavyowajua watu wa redio, wengi wanayo majibu. Wamekaa nayo miaka mingi, kwa sababu kila wanapoalikwa wanaombwa waje kuchangamsha ukumbi.

Huko Walikale bado kuna vijiji ambavyo jambo likitokea usiku wa leo, litatufikia kwa mdomo wa mtu aliyetembea siku mbili. Mtu huyo atakuja kukaa mbele ya mmoja wenu. Msimpokee kwa sauti nzuri tu.